Waya Nilimwongezea Bure

Aliyefuta mchezo wa mdogo wangu si yule mliyeambiwa. Kwa zaidi ya miaka kumi, kwetu Lubondja, katika milima ya Fizi huko Kongo, na kwa ndugu zetu wa Baraka, habari imesimuliwa hivi: binti wa baba mdogo, kwa kutojua Kifaransa, alibonyeza pasipostahili akafuta kazi ya miezi miwili ya mwenzake. Habari hiyo niliitunga mimi. Aliyesema "bonyeza" nilikuwa mimi, na kabla ya kusema nilikuwa nimeisoma ile sentensi kwenye kioo hadi mwisho.

Mwaka 2009 shangazi yetu anayeishi Ubelgiji alikuja kutusalimu, mara yake ya kwanza tangu vita vya 1996 vitutawanye. Sisi wa nyumba ya baba tulikuwa tumevuka ziwa tukakimbilia Kigoma, tukaishi kambi ya Lugufu. Tulirudi 2007 kwa meli hadi Baraka, tukapanda milima kupitia Fizi mpaka nyumbani. Baba mdogo na watu wake hawakuvuka. Walibaki porini miaka yote ile, wakihama kila bunduki ilipolia karibu. Mtu wa Fizi anajua maneno yaliyokuwa kati ya waliorudi na waliobaki. Waliorudi walisema wenzao hawakusoma. Waliobaki walisema sisi tulikaa tukigawiwa unga na mafuta huku wao wakichimba mizizi. Maneno hayo yalisemwa usiku, karibu na moto, na watoto walikuwa hawajalala.

Katika sanduku la shangazi, chini ya nguo, kulikuwa na mashine mbili za Game Boy za kijivu, mali ya wanawe ambao sasa ni watu wazima. Kulikuwa na kaseti mbili za Pokémon za Kifaransa, moja nyekundu na moja ya bluu, na waya mmoja mfupi wenye kichwa huku na huku. Nyekundu alimpa mdogo wangu, aliyezaliwa Lugufu, wakati huo ana miaka 12. Ya bluu alimpa binti wa baba mdogo, aliyezaliwa porini, miaka 11. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu kabisa; huyu ananiita yaya, yaani ndugu mkubwa, sawa na yule. Shangazi akasema, "Hivi vinatembea pamoja." Nilidhani anasema mashine na kaseti yake.

Game Boy ile ya kwanza haina taa kwenye kioo. Bila mwanga wa nje huoni kitu. Ndiyo maana watoto walikaa barazani saa za alasiri, jua likiwa limelala, kila mmoja ameinamisha kichwa akitafuta pembe nzuri. Ilikula mawe manne ya tochi, na mawe manne kwetu hayakuwa jambo dogo. Walichuma mboga wakauza, walibeba maji ya watu, wakanunua mawe. Yakiishiwa nguvu waliyaanika juani yapate kidogo tena.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, unamweka mtoto katika nchi ya kubuniwa yenye miji, misitu na mapango. Profesa anampa mnyama mmoja, naye anatembea akikamata wengine majanini, akiwalea na kuwapambanisha, hadi ajaze daftari lenye nafasi 151. Ulitoka Japani Februari 1996 kwa rangi mbili, nyekundu na kijani. Marekani ulifika 1998 na Ulaya 1999, nyekundu na bluu, na Wafaransa wakawapa wanyama wengi majina yao: Salamèche, Carapuce, Goupix, Ronflex.

Mwanzoni unaulizwa jina lako, na mchezo haupokei zaidi ya herufi 7. Mdogo wangu akaandika KIGOMA, zikatosha. Binti akataka kuandika LUBONDJA. Herufi ni 8. Alihesabu kwa kidole kwenye kioo, akafuta, akahesabu upya, kisha akaiacha ile A ya mwisho. Kuanzia siku hiyo mchezaji wake aliitwa LUBONDJ.

Wiki za mwanzo kila mmoja alicheza kivyake. Halafu siku moja niliwaona wamekaa goti kwa goti, waya umeunganisha mashine mbili, na watoto wa jirani wamewazunguka kama watu wanaosikiliza mpira redioni. KIGOMA alikuwa na mbwa anayeitwa Caninos. LUBONDJ alikuwa na Goupix, mbweha mdogo mwenye mikia 6. Walibadilishana. Kwenye kioo unaona mpira aliomo mnyama unaingia ndani ya waya, unapita, unatokea upande wa pili, na mnyama aliyekuwa wa mwenzako anasimama kwako. Binti alipiga kelele ambayo sikuwahi kumsikia akiipiga. Huyu alikuwa mtoto wa kunyamaza. Porini kelele ya mtoto ilikuwa hatari, na alikuwa amejifunza.

Siku nyingine walimpitisha mnyama mwingine, Kadabra. Alipofika upande wa pili akageuka palepale kuwa Alakazam. Kadabra hawezi kugeuka kwa njia nyingine yoyote katika kaseti zile. Unaweza kumlea miaka, ukampigisha vita elfu. Asipopita kwenye waya atabaki Kadabra. Mdogo wangu alimrudisha kwa mwenyewe akiwa amekua, na binti akaishika mashine kifuani.

Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu, jenereta ndogo, na sifa ya mtu anayejua vyombo. Watoto walipoanza kubishana ni kaseti gani iliyo bora, nyekundu au bluu, waliniletea mimi shauri. Jumapili moja nilichukua zote mbili nikazilinganisha. Nilianza mchezo mpya katika nyekundu: chumba cha kulala, mama chini sebuleni, Profesa Chen anakuzuia usiingie majanini, mipira mitatu mezani, mjukuu wake mkorofi anachagua baada yako. Nikazima bila kuhifadhi. Nikaanza mpya katika bluu: chumba kilekile, mama yuleyule, Chen yuleyule, mipira ileile. Njia ya kwanza, ndege na panya walewale. Nikazima. Nikarudisha kaseti zao, na michezo yao ilikuwa salama kama ilivyokuwa.

Nikatangaza: "Ni mchezo mmoja. Wamebadilisha rangi ya ganda ili wauze mara mbili."

Nilicheza kila kaseti kwa dakika zisizofika 40. Ningeendelea kidogo tu hadi msitu wa Forêt de Jade ningeona: katika nyekundu wamejaa Aspicot, viwavi wenye mwiba wa sumu, na katika bluu wamejaa Chenipan. Mbele zaidi, ukitoka pango la Mont Sélénite, nyekundu inakupa nyoka Abo mahali ambapo bluu inakupa Sabelette. Nilisimama mlangoni pa nyumba mbili, nikaona milango inafanana, nikasema vyumba vyote ni sawa. Na watu waliniamini. Wale wawili peke yao walinitazama bila kusema kitu, maana wao walikuwa wameshaingia ndani. Kwa desturi yetu mtoto hambishii mkubwa mbele za watu.

Mwezi uliofuata betri ya gari niliyotumia kibandani ilikufa. Nilihitaji pesa. Baraka, sokoni, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anatafuta vitu vya wazungu kwa ajili ya mtoto wake alikubali dola 20 kwa Game Boy na kaseti. Nikachukua ya binti. Sikuchukua ya mdogo wangu, na sababu lazima niiseme: baba mdogo hakuwa na sauti nyumbani. Alirudi kutoka porini mikono mitupu, akapewa kiwanja pembeni mwa kiwanja chetu, akawa mtu wa kushukuru. Nilijua hatanidai. Binti nilimwambia, "Mchezo ni uleule. Mtapokezana moja."

Waya nilimwongezea yule mnunuzi bure. Niliona hauna kazi tena.

Sasa nifike siku yenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameenda shambani na mama kung'oa mihogo. Binti alikuwa na zamu yake. Mimi ndiye niliyemwambia aanze mchezo mpya katika nyekundu, akiwa LUBONDJ wake upya, kwa sababu nilikuwa nimeanza mpya mara mbili na hakuna kilichoharibika. Sikuwa nimejua kwamba kaseti ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Kuanza mpya hakuui kitu. Kuhifadhi juu ya kilichopo ndiko kunakoua. Mpaka hapo kosa langu ni la kutojua, na la kutojua mtu husamehewa.

Baada ya saa moja alikuja kibandani ameishika mashine kwa mikono miwili, akiielekeza kwenye jua ili nione. "Yaya, inauliza."

Nilikuwa nimefungua simu ya mteja, skrubu ziko kwenye kiganja. Niliinama nikasoma. Shule za kambini zilifuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilitosha. Mchezo uliuliza kama kumbukumbu ya zamani ifutwe ili hii ihifadhiwe. Chini yake, ndiyo au hapana. Nilielewa. Moyo ulishtuka kidogo. Lakini kusema hapana kungenilazimu nieleze kwamba nilikosea, kwamba hawawezi kupokezana, kwamba yule ambaye mashine yake niliiuza nimemwacha bila kitu. Mteja alikuwa ananitazama. Nikasema, "Bonyeza ndiyo."

Akabonyeza.

Jioni mdogo wangu alirudi, akaoga, akachukua mashine. Ukiwasha, kabla ya kuendelea, mchezo unakuonyesha jina la mchezaji, idadi ya beji na idadi ya wanyama daftarini. Alikuwa anatarajia KIGOMA, beji 6, wanyama 80 na kitu. Alikuta LUBONDJ, beji 0, wanyama 2. Hakulia. Alitazama muda mrefu hadi giza likaficha kioo. Kisha akafungua mgongo wa mashine, akatoa mawe manne, akaenda kuyaweka karibu na redio ndogo ya baba.

Mama akauliza nani amefanya hivi. Binti alikuwa amesimama palepale, akinitazama mimi. Nikasema, "Huyu hajui Kifaransa."

Ilikuwa sentensi ya waliorudi. Nilikuwa nimeisikia karibu na moto mara nyingi na nilijua itapokelewa bila maswali. Ikapokelewa. Shangazi alipopiga simu kutoka Ubelgiji niliirudia. Baada ya hapo watoto wale hawakukaa tena goti kwa goti. Baba mdogo alimchapa binti yake, kwa aibu zaidi kuliko kwa hasira, na fimbo ile nilikuwa naisikia nikiwa nyuma ya ukuta.

Mwaka 2013 nilikuwa Bukavu nasoma, na mwenzangu chumbani alikuwa na programu kwenye simu inayoiga Game Boy. Nikaitafuta nyekundu, kisha bluu, na safari hii nikazicheza zote mbili hadi mwisho. Niliandika kwenye daftari kila nilichokuta. Kwenye nyekundu kuna wanyama 11 wasiopatikana bluu: Abo na Arbok, ukoo mzima wa Mystherbe, Férosinge na Colossinge, Caninos na Arcanin, Insécateur, Elektek. Kwenye bluu kuna 11 wasiopatikana nyekundu: Sabelette na Sablaireau, Goupix na Feunard, Miaouss na Persian, ukoo wa Chétiflor, Magmar, Scarabrute. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kama mizani ya sokoni iliyopimwa mbele yako. Hata duka la kamari la mji wa Céladopole bei zake hazilingani: mnyama Porygon ni sarafu 9,999 katika nyekundu na 6,500 katika bluu. Juu ya hao wako wanne wanaokamilika kwa kupita kwenye waya peke yake: Alakazam, Mackogneur, Grolem na Ectoplasma. Ukiwa na kaseti moja, daftari lako litakuwa na mistari mitupu hadi ufe.

Na haikutokea kwa bahati. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alizaliwa 1965 akakulia pembezoni mwa Tokyo akikamata wadudu, kabla mashamba na vidimbwi vya huko havijafunikwa na majengo. Alipouona waya wa Game Boy aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule. Kazi ilichukua takriban miaka 6. Wazo la kuutoa kwa matoleo yanayotofautiana lilitoka kwa Shigeru Miyamoto wa Nintendo: kila upande ukose kitu, ili mtoto alazimike kumtafuta mwenzake. Nilichokiita ujanja wa kuuza mara mbili ndicho kilikuwa kiini cha mchezo. Sitetei wafanyabiashara, waliuza sana. Lakini waya ulikuwepo kwanza.

Nililicheza pia toleo la njano, lililotoka Japani 1998. Humo mnyama Pikachu anatembea nyuma yako, unaweza kugeuka ukamwangalia amefurahi au amenuna, na wale watatu wa Profesa Chen unaweza kuwapata wote bila kumwomba mtu. Kwa anayecheza peke yake njano ndiyo bora, sina shaka. Mwaka 2004 nyekundu ilitengenezwa upya kwa rangi kamili, pamoja na kijani, na kwa macho hizo ndizo nzuri kuliko zote. Lakini nikiulizwa niwape watoto wawili wa Lubondja nini, mmoja aliyerudi na mmoja aliyebaki, nitawapa nyekundu na bluu zilezile, mashine mbili za kijivu zisizo na taa, na waya.

Kuna jambo moja nililikuta nikiwa Bukavu lililoniondolea usingizi. Mnyama akibadilishwa, jina la aliyemkamata kwanza halifutiki. Linakaa kwenye ukurasa wake popote aendapo, na mikononi mwa mgeni mnyama huyo hupata maarifa mara moja na nusu, akakua upesi kuliko angekua kwa mwenyewe. Kwa hiyo Goupix aliyekuwa kwa mdogo wangu alibeba jina LUBONDJ, na nilimfuta. Na ndani ya kaseti ya bluu niliyoiuza Baraka, kulikuwa na mbwa Caninos mwenye jina KIGOMA.

Nilikaa na hayo miaka kumi mingine. Sababu ya kukaa kimya haikuwa nzuri kuliko sababu ya kwanza: nilikuwa nimekuwa mtu wa kuheshimiwa.

Desemba 2023 nilimwendea binti kwanza. Siku hizi anaishi Baraka, ana watoto wawili, na anafundisha shule ya msingi. Nilimkuta jikoni anasonga bukari. Nilimwambia yote nimesimama, pamoja na dola 20, pamoja na ile sentensi niliyomwambia mama. Hakuacha kusonga. Alipotoa sufuria motoni ndipo alipojibu.

"Yaya, lile neno la kufuta nililijua. Mwalimu alikuwa anatutuma kila asubuhi kufuta ubao. Nilikuja kwako useme hapana."

Akanikaribisha nile. Kulikuwa na sombe yenye mawese na ndakala. Nilikula kidogo.

Mdogo wangu yuko Uvira. Yeye nilimpigia simu, maana sikuwa na nguvu ya kwenda. Alinyamaza kwa muda nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Na waya ulipeleka wapi?" Nikamwambia. Akasema sawa, akakata. Wiki iliyofuata alimpigia dada yake wakaongea karibu saa nzima. Walisema nini sijaambiwa, na sina haki ya kuuliza. Kwa shangazi nimeandika barua. Baba mdogo alishafariki, na hilo halina dawa.

Ndani ya kaseti zile kuna betri ndogo ya duara inayotunza kumbukumbu. Ikifa, kila kitu kinapotea. Nyingi za umri ule zimeshakufa, lakini si zote.

Basi naomba. Kama uko Baraka, Uvira, Kalemie, au ng'ambo Kigoma, na una kaseti ya bluu ya Pokémon ya Kifaransa iliyopita soko la Baraka mwaka 2009, usianze mchezo mpya. Iwashe, utazame jina. Zikiwa herufi 7, LUBONDJ, usibonyeze chochote. Mtumie habari mtu yeyote wa Lubondja. Itanifikia, nami nitaifuata kwa miguu yangu na kulipa utakachosema. Kama na waya bado unao, ulete.